Kamera Isiyo na Mkanda

Salha,

Usitafute humu habari za koti, chanjo wala nakala za pasipoti. Hayo baba yako ameshayaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika kwenye mlango wa friji, na ameyarudia mara tatu utadhani unakwenda mwezini badala ya Kolkata. Mimi nina langu. Nimekasirika, na nimeona bora niandike, maana tangu Jumapili kila nikifungua kinywa yanatoka makelele, na wewe kila nikifungua kinywa unachomeka vile vidude vyako masikioni.

Kesho asubuhi unaondoka. Sasa hivi umekwenda kuagana na wenzako, nyumba kimya, baba yako yuko sebuleni anajifanya anasoma gazeti. Nimekaa meza ya jikoni na kalamu inayovuja, na nitaandika mpaka nimalize, hata ukirudi ukanikuta hapa hapa.

Nianze na hiyo Jumapili, usije ukawaambia watu mama yako hukasirika bila sababu.

Ruhusa nilikuombea mimi mwenyewe. Nilikwenda kwa mkuu wa ile nyumba ya wazee ninayofanyia kazi kule Anderlecht, nikamwambia binti yangu ni mpiga picha, anatumia kamera za zamani, za mkanda, na kabla hajaenda India kupiga maisha ya watu wa mitaani anataka kufanya mazoezi. Nikakusifia, mimi nisiyejua kusifia. Ukaja na kamera zako mbili shingoni, wazee wakakufurahia. Ukampiga yule anayelala mdomo wazi karibu na dirisha. Ukazipiga slipa zilizopangwa mlangoni. Ukaupiga mkono wa yule babu unaotetemeka na kijiko cha supu. Hakuna hata mmoja aliyekuomba, na hao wote uliwapiga kwa kamera yenye mkanda.

Halafu Madame Odette akakuita. Alipoiona kamera tu akaniagiza nimletee hereni zake za lulu, nikamvisha. Akataka kitana. Akataka nimkalishe wima, na wewe, Salha, hujui kumkalisha wima bibi yule ni shughuli gani, mgongo mzima ni maumivu. Akauma meno, akakaa. Akakwambia umpige vizuri kwa sababu mwanawe yuko Canada na hana picha yake mpya. Ukatabasamu, ukainua kamera, ukabonyeza mara nne, ukamsifia uzuri wake, "très belle, madame". Kisha ukanigeukia ukanikonyeza.

Nikaitambua ile kamera. Ilikuwa ile nyingine, isiyo na mkanda.

Kwenye metro nikakuuliza. Ukanijibu, nakunukuu neno kwa neno: "Mama, relax. Nilibakiwa na picha tatu tu. Na yule bibi hakumbuki hata jana alikula nini. Kesho keshasahau."

Hajasahau. Jumatatu asubuhi nimeingia na kikombe cha kahawa, salamu ya kwanza ni picha. Jumanne, picha. Na hereni hazijatoka masikioni, hata kulala analala nazo, anasema huenda picha ikaharibika ukahitaji kurudia. Mimi namjibu kwamba bado inasafishwa. Umri huu wote, nimesimama mbele ya kitanda cha mgonjwa nasema uongo kwa ajili ya binti yangu!

Ndiyo maana Jumapili ile ile, hapa jikoni, nikasema neno ambalo mama wa Tanga halisemi hata akipandwa na wazimu. Nilisema, nenda, lakini radhi yangu huna. Na wewe, mkono kiunoni, ukanijibu, "Sikuiomba."

Siku sita sasa. Neno langu linaniwasha, na lako pia linaniwasha. Mwanamke amelelewa na bibi yake akijua kwamba mtu asiye na radhi ya mzazi hata maji akinywa hayamkati kiu, halafu anamtupia mwanawe neno hilo siku chache kabla ya safari kama anavyomtupia paka slipa. Mimi huyo.

Jumatano nikamsimulia Maman Furaha, yule wa Bukavu ninayefanya naye zamu, wakati tunakunja mashuka. Nilitegemea aniunge mkono, na yeye anavyopenda kuwasema watoto wa Ulaya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha shuka, akasema, "Bon, Maman Salha, unakasirikia mutoto. Lakini ile akili alitoa wapi? Ni nani alimufundisha?"

Nikamwambia akunje upande wake vizuri. Lakini nyumbani sikula.

Maana unajua ni nani. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, mvua inanyesha, umechoka kukaa ndani, nikalishusha sanduku langu la India kutoka juu ya kabati. Nikakutolea kamera mbili. Nikakwambia hii nzima, hii mbovu. Hii mbovu ni ya kupiga hewa. Nikakueleza kwamba kule watoto wanakufuata mtaa mzima, picha, picha, na ukiwapiga wote mkanda unakwisha hujapata cha maana, basi unawabonyezea hii, kla, kla, wanafurahi, wanakwenda zao. Tukacheka mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Ukampiga hewa na yeye, akakuwekea mkao wa kiwaziri, mkono kifuani, maskini wa Mungu, na sisi tukazidi kuanguka.

Hiyo ndiyo nusu ya kisa niliyokusimulia. Nusu nyingine nilikaa nayo. Leo nitaisema, na usidhani naisema kwa kuwa hasira zimepoa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasoma biashara Pune, huko huko India, na biashara yenyewe naichukia. Nilichokipenda ni mtaa. Nikitoka hosteli asubuhi namkuta muuza maziwa na madebe yake kwenye baiskeli, kinyozi ameshatundika kioo kwenye ukuta wa watu, madereva wa bajaji wamelala miguu nje, akina mama juu ya mapaa wanaanika papadi, vile vichapati vyembamba vya dengu, kwenye kanga zao za kule. Ng'ombe amelala katikati ya barabara, basi linampigia honi, na ng'ombe hana habari. Kamera nilipewa na mjomba, ya zamani hata wakati huo, na mkanda mmoja ulinitosha mwezi mzima. Ile mbovu niliinunua kwenye soko la vikorokoro la Jumapili, nje inang'aa, ndani kumekufa. Niliona nimebuni jambo la maana sana. Walioomba picha niliwapiga hewa, na wasioomba niliwavizia na kuwapiga kweli. Nilijiambia mtu anayejua anapigwa picha anaharibu uso. Nilijiambia mengi.

Chini ya ngazi za hosteli yetu palikuwa na mpiga pasi. Meza moja, pasi kubwa ya mkaa, marundo ya nguo za watu. Sote tulimwita Kaka. Kwao kaka ni baba mdogo, na kwetu alikuwa hivyo kweli, maana ukipita umenuna anakuita, beta, umekula? Beta ni mwanangu. Mkewe tulimwita Kaki, yeye ndiye aliyepanda na kushuka ngazi kukusanya nguo, na hakukosea shati la nani ni la nani hata siku moja. Binti yao alikuwa Sunita, rika langu.

Kaka nilimpiga sana. Moshi wa mkaa, jasho, ile mikono yenye makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Hakuniomba hata mara moja. Alijua ninampiga, akacheka, akasema sijui unaona nini hapa, beta, akaendelea na kazi.

Siku moja akaniomba. Sunita alikuwa anaolewa mbali, anaondoka baada ya siku tatu, na katika maisha yao yote hawajawahi kupiga picha wakiwa watatu. Aliniambia huku anaangalia chini, mtu mzima yule, akisema kama nina nafasi tu. Nikasema njooni jioni. Wakaja wameoga. Kaki amevaa sari ya kijani niliyoiona siku ile tu. Na Kaka, ambaye alikuwa anapiga pasi mashati ya mtaa mzima na lake mwenyewe limekunjamana, siku ile alikuwa amejipigia pasi shati lake. Mstari kwenye mkono umesimama.

Nilikuwa na picha sita kwenye mkanda. Watu walikuwa wanasema kesho yake mvua ya kwanza itanyesha, na mimi nilitaka mtaa ule ukilowa, watoto wakikimbia, miavuli. Nikaiwekea mvua zile sita. Nikainua kamera ya hewa.

Na si kwamba nilibonyeza haraka nikaondoka, hapana. Niliwapanga! Kaki sogea, Sunita inua kidevu, Kaka shusha mabega. Kla, kla. Kaki aliniuliza kama amefumba macho. Nikamwambia umetoka vizuri sana.

Mvua yenyewe kesho yake haikunyesha.

Sunita akaenda zake kwa mume. Kaka akawa ananiuliza, picha, beta? Nami bado, bado. Mwisho nikaona aibu kupita ngazini, nikamwambia mkanda uliungua kwenye chumba cha giza cha fundi. Unajua alisemaje? Alisema haidhuru, tena huenda ni kosa lake, alitikisika. Akampazia sauti mkewe aliyekuwa ngazini, nikamsikia kwa masikio yangu, kwamba picha imeharibika kwa sababu yeye Kaka alitikisika. Na mimi nikamwachia lile kosa langu alibebe.

Baada ya miezi kama miwili Kaki akashikwa na homa. Siku nne tu, akafa.

Baada ya matanga Kaka alipanda ngazi. Kupanda ngazi ilikuwa kazi ya mkewe, yeye hakuwahi kufika ghorofani kwetu. Akagonga, akavua viatu, akasimama mlangoni. Akauliza, ule mkanda ulioungua, kweli haukubaki hata kipande? Hata nusu ya uso? Hata kama haionekani vizuri, yeye ataijua.

Nikasema haukubaki.

Sasa nisikilize. Ukutani mwangu, nyuma yangu, nilikuwa nimebandika picha zangu nzuri. Nazo zilikuwa nini? Mikono yake. Mikono na pasi, mikono na moshi, mikono na maji ya kunyunyizia. Kumi na moja. Akaingia ndani taratibu, akazitazama moja moja. Nilidhani atafurahi, au atanitukana, lolote. Akageuza viganja vyake, akaviangalia, akaangalia tena ukuta, akasema kwa upole kabisa, "Mikono hii ninayo, beta."

Akavaa viatu vyake, akashuka.

Nimezaa, nimezika mama, nimehama nchi, nimesafisha wagonjwa wa watu kwa miaka kumi na minane, na hakuna sentensi iliyonipiga kama ile. Alisema kweli. Nilimpa alichokuwa nacho, nikamnyima alichokuwa anakipoteza, tena nilimnyima kwa ajili ya mvua. Mvua, Salha! Kana kwamba haitanyesha tena duniani!

Kurudi chini nikamwambie ukweli, sikurudi. Nilianza kupitia mlango wa nyuma. Nikamaliza masomo, nikaondoka, sikumuaga. Sijui aliishi miaka mingapi. Mjinga hukosea mara moja, mimi nilikosea kila asubuhi nilipoukwepa ule mlango wa mbele.

Na bado sikutosheka. Moja ya zile kumi na moja nikaipeleka kwenye maonyesho ya chuo, ikasifiwa. Nikaja nayo Ubelgiji, nikaiwekea fremu, nikaitundika juu ya kochi letu hapa Ganshoren. Wewe umejifunza kutembea chini yake. Wageni wakija husema picha ile ina utu, nami nawamiminia chai. Na mwaka huu ulipoandika maombi ya hii safari yako, ukaniletea nikuangalie makosa, nikakuta umeandika kwamba picha ya mama yako ndiyo iliyokufundisha kumheshimu mtu unayempiga. Nilisahihisha koma. Nilisahihisha koma, nikakurudishia, nikaenda kulala.

Kwa hiyo uliponikonyeza Jumapili, sikukuona wewe. Nilimuona yule msichana wa hosteli na akili zake nyingi, na nikamrukia kooni. Kooni kukawa ni kwako.

Lakini usinione nimekupunguzia. Wewe una miaka ishirini na minne, una akili zako, na maneno uliyosema kuhusu bibi yule ulisema mwenyewe, sikukufundisha mimi. Kwamba kesho keshasahau. Hata angesahau! Mtu akisahau ndiyo ruhusa? Hilo bado linanichemsha, na likikuuma, sawa, liume.

Jana nilijaribu kukufutia kosa. Nilikwenda kazini na kamera ya simu, nikasema Madame Odette, twende dirishani nikupige tena. Akakataa. Alishangaa hata, akasema yeye alishapigwa, na mtu anayejua kazi yake, na anaingojea ile. Nikambembeleza. Hataki. Basi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikamwambia kweli. Nikamwambia kamera ilikuwa tupu. Nikamwambia binti yangu hakuibuni hila ile, aliipata kwangu, na kamera yenyewe nilimpa mimi.

Nilitegemea alie, au apige kengele amwite mkuu. Alivua hereni. Ya kulia, kisha ya kushoto, vidole havimtii, nikataka kumsaidia akanizuia. Akanikabidhi nizirudishe kwenye kikopo chake. Kisha akaomba alazwe, na mpaka zamu yangu inakwisha hakunisemesha.

Nikapanda metro nalia, nimesimama, watu wananitazama. Miaka thelathini nimelikimbia lile kofi, na jana nimelipeleka shavu mwenyewe lipigwe. Linauma, lakini leo asubuhi niliingia chumbani kwake kwa mlango wa mbele.

Ile kamera ya hewa nimeiona kwenye begi lako, kati ya sweta na zile boksi za mkanda. Sijaitoa. Ningeweza kuitupa na ungefika Kolkata ndipo ujue, na Wallahi mkono ulikwenda mara mbili. Lakini ningekuwa nimekunyang'anya, sijakuambia. Wewe ni mtu mzima. Ukiibeba, ibebe ukiwa unajua imekwisha kumfanyia nani nini. Na huko mtu akikusimamisha, amechana nywele, amenyoosha shati, anataka picha yake, nawe umebakiwa na moja tu na pale ng'ambo kuna mwanga ambao hutaupata tena maishani, mimi sitakuwepo. Mwambie mkanda umekwisha kama unaona ni lazima, atanuna, atakwenda. Huo ni uongo wa kawaida. Lakini usimpange. Usimwambie ametoka vizuri.

Sasa hiyo radhi.

Nimejaribu wiki nzima kutafuta namna ya kukurudishia bila kushuka. Nilifikiri nikungoje uiombe, kama watoto wa watu wanavyopiga magoti mlangoni siku ya safari. Halafu nikajiona nilivyo mtu wa ajabu. Naikalia radhi kama mali yangu, mimi ambaye kuna mtu alishuka ngazi na yake na sikumfuata. Ichukue. Hukuiomba na nakupa, yote, sijakata kipande wala sijaweka sharti. Mungu akutangulie mbele, akufuate nyuma, akurudishe salama. Nimesema kwa sauti hapa jikoni, baba yako amekohoa kule sebuleni, kwa hiyo shahidi tunaye.

Lakini imebaki upande wako. Kwetu wanaoagana huwiana radhi, si mmoja anampa mwenzake basi. Mimi nimekulea chini ya picha nisiyostahili kuitundika, nikakuchekesha kwa hila iliyomliza mtu, nikakuacha uisifie kwa maandishi na mimi nakuangalizia koma. Hayo si ya Kaka wala ya Madame Odette, hayo nimekutendea wewe.

Kesho saa kumi na moja nitakuwa nimeamka, na nitakuwa bado nimenuna, unanijua, uso wangu haubadiliki kwa siku moja. Usiniangalie uso. Kabla hujabeba mabegi njoo jikoni uniambie kama umeniwia radhi. Na kama hujaniwia, niambie hujaniwia. Usiniambie nimetoka vizuri.

Mama yako